Saa Mbili na Dakika Kumi

Saa nane na dakika nne mchana, Mzee Bethuel alivua saa yake ya mkononi akaiweka juu ya meza, pale ambapo kila mtu sebuleni angeiona. Wanaomfahamu mzee huyo wanajua kwamba akivua saa yake, maneno yamekwisha na hukumu imekaribia.

"Tulisema saa nane," akasema.

"Ni dakika nne tu, Baba," akajibu Wamaitha.

"Treni yako ikichelewa dakika nne, watu wanapiga simu kulalamika."

Hapo alimpata. Wamaitha alikuwa dereva wa treni ya chini ya ardhi, ile laini ya kijani inayoanzia huko huko kwao Hässelby, pembeni mwa jiji la Stockholm, na kwa miaka sita baba yake alikuwa hachoki kuwatangazia waumini wenzake kwamba binti yake hachelewi hata nusu dakika. Leo sifa hiyo ilikuwa imegeuka fimbo ya kumchapia. Wamaitha alinyoosha gauni lake la kitenge, akatazama dirishani kuelekea stesheni. Theluji ya Machi ilikuwa imegeuka tope, na katika tope hilo hapakuwa na Juvénal, mchumba wake.

Upande wa pili wa meza aliketi Mzee Deusdedit, mjomba wa Juvénal, mtu wa Bukavu, Kongo, aliyehamia Jordbro, kitongoji kingine cha Stockholm, miaka mingi iliyopita. Alikuwa amefika saa sita na nusu akiwa ndani ya suti ya kijivu, na mbele yake alikuwa ameweka jagi kubwa la kioo lililofunikwa kitambaa cheupe. Ndani yake mlikuwa na kinywaji cha asali kisicholevya, kama nyumba ya mzee wa kanisa inavyotaka.

"Mzee mwenzangu, kijana iko njiani," akasema Deusdedit. "Avion haiko kama baiskeli, ati utaikanyaga ikimbie."

"Mimi sijasema kitu kuhusu ndege," akajibu Bethuel. "Nimesema kuhusu saa nane."

Simu ya Wamaitha ikalia. Aliinyakua, akakimbilia jikoni, ambako mama yake, Nyokabi, alikuwa akiponda viazi na mahindi ya mukimo kwa nguvu kuliko mukimo ulivyohitaji.

"Uko wapi?" Wamaitha akauliza kwa sauti ya chini.

"Chérie, niko ndani ya bus. Simu ilizimika, sasa ndiyo nimepata fasi ya kuichaji."

"Basi gani? Ukishuka Arlanda si unapanda treni?"

"Haikuwa Arlanda. Walitushusha kwa kiwanja ingine, inaitwa Skavsta. Nimeuliza mama moja, Stockholm iko wapi? Akacheka. Amesema kilometa mia moja."

Wamaitha aliegemea friji. Tiketi ile aliikata yeye. Juvénal alikuwa mwoka mikate, na wiki nzima iliyopita alikuwa zamu ya usiku, akirudi kwake Brussels asubuhi na unga masikioni. Wamaitha alimwambia alale, tiketi ya kuja aachiwe yeye. Alifungua simu akiwa mapumzikoni, katikati ya safari mbili, akaona Brussels, akaona Stockholm, akaona saa mbili na dakika kumi, akabonyeza. Ndege walizozoea zilitua Arlanda, na yeye aliyeishi mji huu tangu akiwa na miaka tisa hakukumbuka kwamba kuna uwanja mwingine unaobeba jina la Stockholm huku wenyewe uko karibu na mji wa Nyköping. Kosa la namna hiyo hufanywa na mtalii.

"Nisamehe," akanong'ona.

"Usilie. Mwambie Mzee nimekosea mie. Mie ndiye mgeni, mgeni anaruhusiwa kupotea." Kisha sauti yake ikashuka. "Wamaitha? Nakuja. Hata kama watafunga mlango, nakuja."

Alipokata simu, alimkuta mama yake ameacha kuponda.

"Tiketi alikata nani?" Nyokabi akauliza.

"Mimi, Mama."

"Basi nyamaza. Baba yako akisikia, tumekwisha. Mwache kijana abebe lawama, ana mabega."

Wamaitha aliacha simu juu ya friji. Alirudi sebuleni, akasimama mbele ya baba yake.

"Yuko kwenye basi. Atafika saa tisa na nusu hivi."

"Basi la kutoka wapi?"

"Skavsta."

Mzee Bethuel alicheka. Haicheki mara nyingi, familia hii, na kicheko hicho hakikumfurahisha mtu.

"Hebu niambie tena. Brussels na hapa ni mbali kiasi gani?"

"Kilomita elfu moja mia mbili na themanini. Kwa ndege ni saa mbili na dakika kumi."

"Umekuwa ukiniimbia hizo saa mbili na dakika kumi tangu Krismasi. Kijana alitoka kwake saa ngapi leo?"

"Saa kumi na moja alfajiri," Wamaitha akakiri.

"Kwa hiyo anapanda ndege kwenye uwanja ulio nje ya Brussels, anatua kwenye uwanja ulio nje ya Stockholm, mpaka aingie mlango huu atakuwa ametumia saa kumi na nusu nzima njiani. Hizo saa mbili zako ni za ndege peke yake, Wamaitha. Mtu haishi ndani ya ndege."

"Ni siku moja mbaya, Baba. Siku nyingine zote..."

"Na Whitney?"

Jikoni, mwiko ulinyamaza. Whitney alikuwa dada mkubwa wa Wamaitha, aliyeolewa Manchester.

"Aliniambia hivyo hivyo, akiwa amesimama hapo hapo uliposimama wewe," Bethuel akaendelea, na sasa sauti yake haikuwa na kejeli. "Manchester ni saa mbili na nusu tu, Baba. Kila Pasaka nitakuwa hapa. Pasaka ngapi zimepita? Tatu. Mjukuu wangu ananijua kama mtu wa kwenye simu. Juzi ameniuliza kama nina miguu."

Wamaitha aliumia. Alimpenda baba yake, na alijua kwamba nyuma ya ubishi wote huu wa saa na kilomita kulikuwa na mzee anayeogopa Jumapili zisizo na mtu. Lakini alikuwa na miaka thelathini na tatu, na alikuwa amechoka kulipia tiketi ambazo dada yake hakuzikata.

"Mimi si Whitney."

"Wote husema hivyo."

"Basi tuongee kuhusu wewe," akasema Wamaitha. "Ulipopanda ndege Nairobi, Cucu alikuwa amekupa ruhusa? Mama yako mzazi, Baba. Ulimwambia unakwenda kusoma miaka miwili. Ni kilomita elfu saba, na hukurudi mpaka alipokuwa hakutambui. Kwa nini njia ya kwako ilikuwa halali, ya kwangu ni haramu?"

Hata Mzee Deusdedit aliinamisha uso. Mambo ya namna hiyo husemwa nyuma ya mlango, si mbele ya wageni, na Wamaitha alilijua hilo vizuri. Hakuyarudisha.

Bethuel aliisogeza saa yake pembeni ya meza. Kisha akamgeukia mgeni wake.

"Mzee Deusdedit, sina ugomvi na wewe. Lakini nilitoa neno la saa nane, na neno langu silibadilishi. Tafadhali chukua kinywaji chako."

Hapa inafaa msomaji aelewe kilichokuwa kikitokea. Katika nyumba ya Mkikuyu, watu wa upande wa mwanaume huleta kinywaji, na hakuna anayekigusa mpaka baba amwite binti mbele ya watu wote na kumuuliza: tunywe hiki kilicholetwa? Binti akisema tunyweni, amekubali, na mambo mengine hufuata. Jagi likitoka nyumbani kabla swali halijaulizwa, posa imekufa, na Bethuel alikuwa ameapa mbele ya mkewe kwamba hataketi mara ya pili kwa ajili ya mtu wa Brussels.

Deusdedit alisimama taratibu, suti imekunjamana, akanyoosha mikono. Wamaitha akawahi. Alilibeba jagi kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akatoka nalo mpaka kwenye korido, akaketi juu ya benchi la viatu, mgongo ukiwa umeegemea mlango wa nje.

"Anayetaka kulitoa atanitoa na mimi," akasema.

"Wamaitha! Unanifanyia nini mbele ya wageni?"

"Nakaa, Baba. Nimekaa tu."

Mwanamke mwingine angevaa koti akatoka akilia, na hilo Bethuel angelimudu, maana mtu akishatoka unafunga mlango na mambo yanaisha. Mtu aliyekataa kuondoka alimshinda. Alirudi sebuleni, akakaa peke yake.

Wamaitha alikaa pale kati ya viatu na makoti saa nzima na zaidi. Jagi lilikuwa zito mapajani, miguu ikafa ganzi. Akamkumbuka Juvénal siku ya kwanza, kwenye harusi ya Wakongo kule Jordbro, akicheza vibaya kiasi kwamba watu walimpisha. Juvénal alimfuata Wamaitha hadi mezani na kumuuliza kwake ni wapi. Farsta, Wamaitha akamjibu, akitaja kitongoji alikokuwa akiishi peke yake. Ni mbali? Inategemea nani anakuja, alimwambia, na mwanaume yule akacheka kwa macho kabla mdomo haujajua. Miaka miwili tangu siku hiyo ilikuwa ya Ijumaa za kwenda na Jumapili za kurudi. Ijumaa, saa mbili na dakika kumi zilikuwa kitu kidogo, unafunga mkanda, unapewa maji, umefika. Jumapili zilikuwa safari ndefu kuliko zote duniani, naye alikuwa akisafiri ameshika skafu puani kwa sababu bado ilikuwa na harufu ya mkate wa mtu huyo. Wamaitha alikuwa amechoka kuagana, na uchovu huo ulimkalisha pale.

Mzee Deusdedit alikuja akiwa na soksi tu miguuni, akajishusha sakafuni karibu naye.

"Binti, miaka makumi mbili na tano katika hii inchi, sijaonaka mtu analinda asali hivi."

"Umekasirika, Mzee?"

"Hapana. Niko na njaa."

Dakika mbili baadaye Nyokabi alitokea na sahani mbili za mukimo na nyama. Alimpa mgeni sahani moja, akamwekea binti yake nyingine pembeni, akamfuta shavu kwa kidole gumba, akarudi jikoni kwa kupitia mbele ya mumewe bila kumtazama.

Saa tisa na dakika thelathini na tano, mlango uligongwa mgongoni mwa Wamaitha. Aliisikia mishindo hiyo mitatu mwilini mwake. Akainuka na miguu yake iliyokufa ganzi, jagi kwenye mkono mmoja, akafungua.

Juvénal alikuwa amelowa mpaka magotini. Alikuwa amepanda mlima wa kutoka stesheni mbio, shati lake jeupe limemganda kifuani, na macho yake yalikuwa mekundu ya mtu ambaye hajalala tangu jana. Wamaitha alimtazama kuanzia viatu vilivyojaa tope hadi usoni, polepole, kama mtu anayehakikisha kwamba mzigo wake umefika salama. Juvénal naye alimtazama, akalitazama na jagi, akaelewa yote bila kuambiwa. Hawakugusana, maana mzee alikuwa nyuma yao. Lakini kama kutazamana kungekuwa na sauti, jengo zima lingetoka kwenye ngazi kuuliza kuna nini.

"Umechoka," Wamaitha akasema.

"Nilichoka. Sasa hapana."

"Saa tisa na dakika thelathini na tano," sauti ya Bethuel ikasikika kutoka sebuleni.

Juvénal alivua viatu, akaingia na soksi zilizolowa, akainama mbele ya mzee.

"Mzee, pardon. Kosa ni yangu. Mie ndiye nilikata tiketi bila kuangalia kiwanja. Musimuhesabie Wamaitha."

Mlangoni mwa jikoni, Nyokabi alimtikisia binti yake kichwa: nyamaza. Na kunyamaza kulikuwa rahisi. Mwanaume mwenyewe alikuwa ameshajitwika mzigo, tena kwa hiari. Wamaitha aliyaona mabega yale yaliyoinama mbele ya baba yake, akaona akinyamaza leo atayaona yameinama hivyo maisha yake yote.

"Anadanganya, Baba," akasema. "Tiketi nilikata mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Niliona neno Stockholm nikabonyeza. Yeye amefika alipopelekwa."

Mzee Bethuel alimtazama huyu, akamtazama yule. "Tangu lini mwanamke akamkatia mwanaume tiketi ya kuja kumposa?"

"Yeye alikuwa usiku kucha kwenye tanuri. Na mwenye haraka ya kuposwa nilikuwa mimi."

Deusdedit alikohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi. Juvénal aliinua uso, akamtazama mchumba wake kwa namna iliyomfanya Nyokabi, pale jikoni, ageukie masufuria yake kwa haya.

"Mimi lile swali sitauliza," Bethuel akasema. "Sikilizeni nyote. Sitauliza."

"Usiulize, Baba. Sitakulazimisha." Wamaitha aliweka jagi mezani, akalifunua, akachukua kikombe. Akamimina. Kinywaji kidogo kikamwagika juu ya kitambaa, lakini hakuacha. "Ulinilea nijibu nikiulizwa. Leo nitajibu bila kuulizwa."

Akanywa. Hakuonja kama mabinti wanavyofanya wakiona haya mbele ya wakwe. Alikunywa kikombe kizima, akakiweka chini, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Nimekubali. Hata kama hakuna mwingine atakayekunywa humu ndani, mimi nimekubali, na nitakaa hapa hapa nikiwa nimekubali. Sitoki kwa hasira, na sitatoka kwa kufukuzwa. Wewe ni baba yangu na huyu ni mume wangu. Mtaniona wote wawili mpaka mchoke."

Kisha Nyokabi akatoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga aliyojifunga kiunoni, akasimama kando ya binti yake, akanyoosha kikombe cha chai alichokichukua kabatini.

"Nimiminie," akasema.

"Mama Whitney!" Bethuel akashtuka.

"Nimekusikiliza tangu Krismasi, Baba Whitney. Kiu imenishika."

Miaka thelathini na minane walikuwa wameishi pamoja, na mzee yule hakuwahi kuona mkewe akinywa kitu mbele ya wageni kabla yeye hajanywa. Nyokabi alikunywa, akavuta kiti, akamwonyesha Juvénal akae. Juvénal hakukaa. Alimngoja mwenye nyumba.

Bethuel alikuwa akizitazama soksi za kijana zilizokuwa zikiacha alama za maji kwenye zulia. Aliuliza kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea kwa heshima.

"Ndege yako ya kurudi ni saa ngapi?"

"Haiko, Mzee."

"Haiko namna gani?"

"Sikukata. Niliacha kazi jana asubuhi." Juvénal alimeza mate. "Wamaitha alikuwa anatafuta namna ya kunifuata kule. Lakini nimefikiri: mutoto moja ameshatoka kwa hii nyumba. Na hata hapa watu banakula mukate."

Wamaitha alimgeukia. Hakuwa amejua. Alikuwa amesema yeye atakata tiketi ya kuja, Juvénal atashughulikia ya kurudi mwenyewe, na hakuuliza tena. Alitaka kumfokea kwa kufanya jambo kubwa hivyo kimya kimya, na papo hapo alitaka kumshika uso kwa mikono miwili mbele ya watu wote, na kwa kuwa hakuweza kufanya yote mawili, machozi yalimtoka.

Mzee Bethuel alikaa akimtazama kijana yule aliyelowa. Ilikuwa kama amejiandaa kubishana na mtu mwingine kabisa, na mtu huyo hakutokea. Aliposema, alisema kwa ukali uleule wa siku zote, lakini swali lenyewe lilikuwa la mzazi.

"Sasa utalala wapi?"

Juvénal alifungua mdomo. Deusdedit naye akainua mkono kutaja Jordbro, ambako kitanda kilikuwa kimetandikwa.

"Kwangu," akasema Wamaitha. "Farsta."

Mzee wa kanisa aligeuza shingo taratibu akamtazama binti yake, na binti yake, machozi bado mashavuni, akamtazama vilevile, wala hakushusha macho.